Mlango Ulio Juu ya Goti

Tangu magari ya juu yaanze kuonekana kila mahali katika kaunti za Migori na Homa Bay, kosa moja limejirudia kwenye milango yake hadi likazoeleka. Mzee anafikishwa penye mlango wa Land Cruiser au Prado. Kizingiti kiko juu ya goti lake. Basi kijana mmoja anaingia ndani na kumvuta mkono, mwingine anabaki nje na kumsukuma kiunoni, na baada ya kuhema sana mzee anajikuta kitini, leso au koti likiwa limejikunja mgongoni. Safari inaanza na hakuna anayelizungumzia tena. Nimelitazama jambo hili kwa miaka mingi, kwenye matanga, kwenye malango ya hospitali na nje ya makanisa, na kadiri nilivyolitazama ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba tumelielewa kinyume. Tunadhani kilichopungua ni nguvu za mzee, kwa hiyo tunaongeza nguvu za vijana. Kumbe kilichozidi ni urefu wa hatua, na urefu huo hupunguzwa kwa tepu ya kupimia, ubao na kishikio. Misuli ya mjukuu haiupunguzi hata kidogo.

Magari haya hayakuletwa huku kwa anasa tu. Barabara kuu ya A1 inayotoka Kisii hupita Rongo, Awendo na mji wa Migori hadi mpakani Isebania, nayo ina lami. Lami imefika pia Mbita kutoka mjini Homa Bay. Lakini maboma mengi hayako kando ya lami. Yako kwenye miinuko ya Gwassi, kwenye udongo mweusi unaonata wa bonde la Lambwe karibu na Mbuga ya Ruma, na kwenye nyanda za Nyatike ambako mto Kuja hufurika kabla ya kuingia Ziwa Victoria na kuacha matope yanayomeza gurudumu. Gari lenye tumbo la chini hukwama huko mvua ya masika ikianza. Ndiyo sababu ambulensi, gari la polisi na gari la parokia ni ya juu, na ndiyo sababu mwana aliyepata riziki yake Nairobi hununua gari la aina hiyo akiifikiria njia ya kwao. Sasa, tumbo la gari likiinuliwa ili lipite juu ya jiwe, sakafu huinuka nalo, na kiti, na mlango. Kile kinacholiwezesha gari kufika kwa nyanya ndicho kinachomzuia nyanya kulipanda.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ngazi ya nyumba iliyojengwa vizuri huwa na vipandio vya sentimita 15 hadi 18 hivi. Kizingiti cha gari la juu kinaweza kufika sentimita 50 kutoka ardhini, na mwenye gari akiongeza springi za kuinua na matairi makubwa, kinapanda zaidi. Maana yake tunamtaka mtu wa miaka 75 apande vipandio vitatu vya ngazi kwa hatua moja, pembeni mwa kitu chembamba, bila ukuta wa kuegemea. Mguu ukiwekwa juu kupita goti, goti hupinda sana, na msuli wa paja hulazimika kuuinua mwili wote ukiwa umeanzia mahali pabaya. Msuli huo hupungua kwa kila mtu kadiri umri unavyosonga, hata kwa aliyelima maisha yake yote. Gegedu la goti likiwa limelika, kupinda huko kuna maumivu ambayo mzee hatakutajia. Ukizigawa hizo sentimita 50 ziwe 25 na 25, kazi inabadilika kabisa: goti halipindi kupita kiasi, mguu wa pili unapata mahali pa kupumzika, na mtu yule yule aliyeonekana hawezi anapanda mwenyewe. Umri wake ni ule ule na afya yake ni ile ile. Kilichobadilika ni kipimo.

Kusukuma, kwa upande wake, kuna hatari ambazo hazionekani kwa sababu kwa kawaida hakuna anayeanguka. Mtu anayesukumwa kutoka nyuma huinama mbele kabla mguu wake haujatulia. Anayevutwa mkono hubebesha bega uzito wa mwili mzima, na bega la mzee ni kiungo kinachoumia upesi. Zaidi ya hayo, watu wawili wanaosaidia hawavuti kwa wakati mmoja. Na hayo yote ni ya kupanda. Kushuka ni kubaya zaidi, nako ndiko tunakokusahau. Wakati wa kupanda kila mtu yuko tayari. Wakati wa kushuka vijana wamekwisha kuruka nje wakisalimia watu, na mzee amebaki kitini akiutafuta mchanga kwa ncha ya kiatu. Anaposhuka, mguu uliobaki juu ndio unaouzuia mwili usiporomoke, goti likiwa limepinda na kubeba uzito wote. Mguu wa mbele unatafuta ardhi usiyoiona. Mwenye mtoto wa jicho hawezi kukadiria umbali huo, na udongo mweusi wakati wa magharibi haumwonyeshi chochote. Mvunjiko wa nyonga katika umri huo ni jambo zito: wengi hawarudi kutembea kama zamani, na wengine hawainuki tena kitandani. Kwa hiyo kila ninachokipendekeza hapa nakipima kwanza kwa kushuka. Kama hakifai kwa kushuka, hakifai.

Dawa ya kwanza haigharimu hata shilingi, nayo ni mahali pa kusimamisha gari. Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria wa mbele hutazama ukingo wa barabara. Barabara ya changarawe huchongwa na greda iwe na mgongo katikati ili maji yateremke mitaroni. Dereva mwenye adabu akisimama husogea pembeni kabisa ili wengine wapite, na adabu hiyo humpeleka mzee kwenye mteremko wa mtaro, ambako ardhi iko chini kuliko penginepo. Sentimita kumi, wakati mwingine ishirini, huongezeka hapo bila mtu kukusudia. Dereva huyo huyo angeweza kusonga mbele kidogo na kutafuta mahali ambapo upande wa kushoto umeinuka: kwenye ukingo wa barabara iliyochongwa kilimani, penye kalvati, au kando ya kijia cha saruji mbele ya duka. Nyumbani kuna mahali pazuri zaidi. Ukumbi wa mbele wa nyumba, ule Waluo wanaouita agola, siku hizi mara nyingi umeinuliwa kwa saruji. Gari likisogezwa sambamba nao, mlango ukifunguka juu yake, mzee hutoka nyumbani na kuingia garini akiwa amepanda kidogo tu. Jambo la kuangalia ni pengo. Likiwa pana kuliko unyayo, mguu unaweza kutumbukia kati ya saruji na gari, na hapo tumetengeneza hatari mpya. Sogeza hadi libaki la upana wa kiganja, zima injini, vuta breki ya mkono, ndipo umwite.

Pale ambapo ardhi haisaidii, kinahitajika kipandio cha kubeba. Watu wengi hukimbilia kreti ya soda au mtungi wa maji wa lita 20 uliolazwa. Ninawasihi waache. Kreti hupinduka ikikanyagwa ukingoni, na plastiki iliyokaa juani miaka mingi hupasuka ghafla, na mtungi huviringika. Kigoda cha miguu mitatu au minne nacho hakifai kwenye bonde la Lambwe wala Nyatike, kwa sababu miguu yake huzama kwenye tope kwa viwango tofauti na kigoda huinama mzee akiwa juu yake. Kinachofaa ni sanduku la mbao nzito lenye kitako kizima, ambalo uzito wake unatandazwa ardhini kama msingi wa nyumba. Juu yake pawe na nafasi ya nyayo mbili kwa pamoja, tuseme sentimita 30 kwa 50, kwa sababu mzee hapandi kama kijana, mguu huu halafu ule. Huweka mguu mmoja, akauleta wa pili kando yake, akapumua, ndipo aendelee. Urefu wake uwe nusu ya umbali kutoka ardhini hadi kizingitini. Juu pabandikwe kipande cha tairi kuukuu ili kiatu kisiteleze, na ukingo upakwe rangi ya manjano, ile ile ya ukanda wa matatu, ili jicho lenye ukungu lipate mstari wa kulenga. Seremala yeyote wa Oyugis au Sori anaweza kulitengeneza. Tundu la kushikia lichongwe ubavuni, na sanduku likae nyuma ya kiti kila siku, si siku ya safari ya mzee peke yake, kwa kuwa kitu kinachoachwa nyumbani hukumbukwa njiani.

Wenye magari watanijibu kwamba wao tayari wana ngazi za pembeni zilizokuja na gari. Nyingi ya ngazi hizo ni pambo. Zimefungwa karibu sana na kizingiti, kwa hiyo hatua ya kwanza kutoka chini inabaki ndefu na ya pili inakuwa fupi mno. Nyingine ni bomba jembamba la kung'aa, linaloteleza likipata tope, na linaloufanya mguu ukanyage kwa katikati badala ya unyayo mzima. Fundi wa kuchomelea anaweza kuishusha ngazi ya namna hiyo na kuweka juu yake bati lenye matundu ili matope yaangukie chini. Hapo hutokea pingamizi la haki kabisa: ngazi ikishushwa, gari linapoteza kimo ambacho lilinunuliwa kwa ajili yake, na mawe ya Gwassi yataing'oa siku ya kwanza. Ninalikubali pingamizi hilo kwa anayesafiri kila wiki kwenye njia za mawe. Kwake yeye jibu ni kipandio kinachoning'inia kwa minyororo au mkanda imara na kupandishwa gari likianza kwenda, au lile sanduku la mbao. Lakini magari mengi ya juu hupita kwenye mawe siku chache kwa mwaka, na siku zilizobaki yako kwenye lami ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay. Kuwatesa abiria mwaka mzima kwa ajili ya siku hizo chache ni hesabu mbaya.

Kipandio bila kishikio ni nusu ya kazi. Mtu anayepanda hutaka kitu kisichoyumba mbele yake, na asipokipata hushika kilicho karibu, ambacho kwa kawaida ni mlango wenyewe. Mlango una bawaba. Unapovutwa unasogea, na mzee anasogea nao. Magari mengi ya aina hii yana kishikio kwenye nguzo ya mbele, kando ya kioo, lakini wazee wengi hawakijui na hakuna anayewaonyesha. Utie mkono wake hapo kabla hajainua mguu. Kwa viti vya nyuma, mkanda mpana wenye kitanzi ukizungushwa kwenye vyuma vya kuegemeza kichwa vya kiti cha mbele hutosha kumsaidia mtu kujivuta na kujizuia. Anayetaka kufunga kishikio cha chuma akifunge kwenye mwili wa gari, si kwenye plastiki iliyoufunika, na asitoboe popote palipoandikwa SRS, kwani chini ya maandishi hayo kuna mfuko wa hewa wa kumlinda abiria ajalini. Mafundi wengi wazuri wa jua kali walijifunza kazi kwenye magari ya zamani yasiyo na mifuko hiyo, kwa hiyo mwenye gari ndiye wa kuwakumbusha.

Kuna somo ambalo bodaboda zimetufundisha bila kukusudia. Mama mwenye rinda refu hapandi pikipiki kwa kuinua mguu juu ya kiti. Hukigeuzia mgongo, huketi kwa upande, kisha huweka miguu yake sawa. Makalio kwanza, miguu baadaye. Njia hiyo ndiyo bora pia kwa gari la juu, mradi kipandio kimeinua mwili hadi kiti kiwe usawa wa makalio. Mzee anapanda kwenye kipandio akiwa ameshika kishikio, anageuka taratibu, anaketi ukingoni mwa kiti, ndipo anaingiza miguu, mmoja baada ya mwingine. Kitambaa kigumu cha kiti kinamzuia kugeuka. Wengine hushauri kuweka mfuko wa plastiki ili ateleze, lakini mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwezi wa Agosti 2017, na kipande cha kitambaa laini cha bitana hufanya kazi hiyo hiyo. Kiondolewe ili gari lisianze safari nacho. Njia hii inalinda pia staha. Waumini wa kanisa la Legio Maria wanaokwenda kuhiji Got Kwer huvaa kanzu ndefu, na akina mama wazee wa makanisa mengine huvaa magwanda yanayofika kwenye kifundo. Hatua ya sentimita 50 haiwezekani ndani ya vazi hilo bila kulipandisha mbele za watu, na naamini wako akina mama waliokataa safari kwa sababu hiyo, wakasema tu kwamba wamechoka.

Hapo ndipo pingamizi zito kuliko yote linapoingia. Husemwa kwamba kumbeba mzee ni heshima, kwamba mila zetu hazihitaji masanduku ya mbao maadamu kuna wajukuu. Ninaijua nguvu ya hoja hiyo. Kwenye baadhi ya fuo za Ziwa Victoria abiria wamezoea kubebwa mgongoni kutoka kwenye boti hadi nchi kavu, na hakuna anayeona aibu, kwa sababu kila mtu hubebwa, mwenye nguvu na asiye nazo. Kwenye mlango wa gari hali si hiyo. Hapo anabebwa mmoja tu, mbele ya wote, na kila mtu anaelewa kwa nini. Heshima ya kumpa mzee kiti cha mbele inafutwa na namna anavyofikishwa kwenye kiti hicho. Na wajukuu hawapo kila siku. Wako shuleni, wako Kisumu, wako Nairobi. Mzee aliyezoezwa kwamba gari hupandwa kwa kusukumwa hatalipanda siku asipokuwepo wa kumsukuma, hata kama siku hiyo ni ya kliniki ya presha. Kipandio kinampa uwezo wa kukubali lifti kutoka kwa mtu yeyote.

Wengine husema dawa ni kununua gari la chini. Kwa baadhi ya familia ni kweli, na ninawashauri wazingatie hivyo kabla ya kukopa. Toyota Probox imependwa sana na wasafiri wa njia hizi, na kiti chake kiko karibu na usawa ambao mwili unaketi wenyewe. Anayeishi kando ya lami ya Awendo na kumsafirisha mama yake hahitaji kimo cha gari la mbugani. Lakini ushauri huo haumfai aliye ndani ya Nyatike mwezi wa Aprili, na haugusi magari ambayo abiria hakuyachagua. Ninaifikiria hasa ambulensi. Mgonjwa asiyeweza kusimama huingizwa kwa machela. Anayeweza kutembea, pamoja na mke au mume aliyekuja kumtunza, huambiwa apande kwa mlango wa nyuma akikanyaga bampa. Katiba ya 2010 inamtambua kuwa mzee aliyefika miaka 60, na Kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa utu na heshima. Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuyafikia magari ya umma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1 katika kila moja ya kaunti hizi mbili. Serikali za kaunti zinaponunua magari ya hospitali, maelezo ya zabuni yanaweza kutaja urefu wa kipandio cha kwanza kwa sentimita na mahali pa vishikio, kama yanavyotaja ukubwa wa injini. Ni mistari miwili ya maandishi.

Kwa mwenye gari la binafsi hakuna zabuni ya kusubiri. Lisimamishe gari likiwa tupu mahali tambarare, pima kutoka ardhini hadi kizingitini kwenye mlango wa mbele wa kushoto na wa nyuma, uandike namba hizo mbili, kisha umpelekee fundi kabla ya mazishi au likizo ijayo. Na sanduku likiwa tayari, mwombe mama alijaribu nyumbani, pasipo na watu, apande na kushuka mara tatu au nne kwa mwendo wake mwenyewe.